Wasami wa Sweden: Kutoka shule za wahamaji hadi sauti ya vijana

Watoto wao walitengwa katika shule maalumu, vichwa vyao vikapimwa, na lugha yao ikafanywa kuwa jambo la aibu. Vizazi kadhaa baadaye, wajukuu na vitukuu vya watoto hao wanatafuta namna ya kuubeba urithi huo bila ya kuvunjika. Maamuzi mengi yaliyowafikisha hapo yalipitishwa mjini Stockholm, na ni Stockholm hiyo hiyo ambayo leo inatakiwa kujibu.

Tarehe 9 Agosti mwaka 2019, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya watu asilia duniani, mabaki ya watu 25 yalizikwa upya katika mji mdogo wa Lycksele, kaskazini mwa Sweden. Yalikuwa yamefukuliwa katika miaka ya 1950 kutoka makaburi ya zamani ya mji huo, na kwa miongo mingi yalikuwa yamehifadhiwa katika ghala la Makumbusho ya Historia mjini Stockholm. Marehemu hao walikuwa Wasami. Ilichukua zaidi ya nusu karne kuwarudisha nyumbani.

Kwa mgeni, tukio hilo lingeweza kuonekana kuwa ni jambo la wanaakiolojia na makasisi tu. Lakini kwa Wasami mazishi hayo yalihusu pia walio hai, na hasa vijana. Mtoto anayejua kwamba mifupa ya babu zake imewekwa kwenye rafu katika mji mkuu hujifunza jambo fulani kuhusu thamani yake mwenyewe, hata kama hakuna mwalimu aliyemfundisha.

Wasami ni watu asilia wa eneo wanaloliita Sápmi, ambalo linapita katika Norway, Sweden, Finland na rasi ya Kola nchini Urusi. Nchini Sweden wanakadiriwa kuwa kati ya watu 20,000 na 40,000. Idadi kamili haipo, kwa kuwa Sweden haiwaandikishi raia wake kwa misingi ya kabila. Ulimwengu unawafahamu zaidi kama wafugaji wa kulungu wa kaskazini, yule mnyama mwenye pembe kubwa anayetafuta majani chini ya theluji, lakini takriban mtu mmoja tu kati ya kumi miongoni mwao ndiye anayeishi kwa ufugaji huo. Wengine ni wavuvi, walimu, wauguzi, madereva na wanafunzi, na wengi wao wanaishi mijini, Stockholm ikiwemo.

Uhusiano wao na dola ya Sweden ni wa zamani na haukuanza kwa wema. Katika miaka ya 1630, machimbo ya fedha yalipofunguliwa katika mlima wa Nasafjäll, Wasami walilazimishwa kusafirisha mawe ya madini kwa kutumia wanyama wao. Makanisa, masoko na watoza kodi vilifuata. Hadi kufikia mwisho wa karne ya 19, ardhi iliyokuwa ikitambuliwa kuwa ya familia za Wasami na kulipiwa kodi kwa majina yao ilikuwa imehesabiwa kuwa mali ya serikali.

Stockholm, mwaka 1904

Mtu wa kwanza kuyapeleka malalamiko hayo mji mkuu kwa utaratibu wa kisiasa alikuwa mwanamke kijana. Elsa Laula alizaliwa mwaka 1877 katika familia ya wafugaji kusini mwa Sápmi, akaja Stockholm kusomea ukunga. Mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka 26, alikuwa mwenyekiti wa chama cha kwanza cha kitaifa cha Wasami, kilichoasisiwa mjini humo, na mwaka huo huo akachapisha kijitabu ambacho kichwa chake kinauliza kama watu wake wanakabiliwa na uhai au kifo. Ndani yake alidai haki ya ardhi, elimu bora na haki ya kushiriki katika siasa. Sweden wakati huo haikuwa imewapa wanawake wa kabila lolote haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge.

Magazeti yalimjadili, baadhi kwa dharau. Chama chake hakikudumu. Laula aliolewa upande wa Norway, akaendelea na kazi ya kuwaunganisha watu wake, na tarehe 6 Februari mwaka 1917 alikuwa miongoni mwa viongozi wa mkutano mkuu wa kwanza wa Wasami katika mji wa Trondheim. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1931. Tarehe ya mkutano ule ndiyo siku ya taifa la Wasami hivi leo.

Inafaa kukumbuka pia Stockholm ilikuwa imewazoea Wasami wa namna gani kabla ya Laula kusimama mbele yake. Mwaka 1891 Artur Hazelius alifungua Skansen, makumbusho ya wazi katika kisiwa cha Djurgården. Miongoni mwa maonyesho ya mwanzo kabisa ilikuwa kambi ya Wasami, ikiwa na vibanda, wanyama na familia zilizoishi humo huku wakazi wa mji wakilipa kiingilio ili kuzitazama. Watu wa Afrika Mashariki wanayafahamu maonyesho kama hayo, kwani Waafrika pia walizungushwa katika bustani za wanyama za Ulaya katika zama hizo hizo. Tofauti ni kwamba Wasami walikuwa wakionyeshwa ndani ya nchi yao wenyewe.

Shule ya kibanda

Mwaka 1913 Bunge la Sweden lilipitisha sheria ya shule za wahamaji. Watoto wa Wasami waliofuga kulungu milimani walitakiwa kusoma peke yao, mbali na watoto wengine wa Kiswidi. Katika miaka ya mwanzo walifundishwa na walimu waliozifuata kambi za wafugaji wakati wa kiangazi, kisha wakapelekwa katika masomo ya majira ya baridi ambako waliishi mbali na wazazi wao. Madarasa yalifanyika ndani ya vibanda vya udongo na miti vilivyoigwa kutoka makazi ya Wasami. Somo lilikuwa fupi kuliko la watoto wengine, na lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswidi.

Hoja ya viongozi wa kanisa na serikali waliobuni mpango huo ilikuwa ya ajabu. Walisema kuwa Msami hana budi kubaki Msami. Mtoto wa mfugaji akizoea nyumba yenye joto, kitanda na meza, atakataa kurudi mlimani na atageuka kuwa maskini mjini. Kwa hiyo ni heri aachwe katika kibanda. Lakini watoto wa Wasami wasiokuwa wafugaji, ambao ndio walikuwa wengi, walifanyiwa kinyume chake kabisa. Hao walipelekwa katika shule za kawaida za Kiswidi, na ilitarajiwa kuwa Usami wao utayeyuka na kusahaulika.

Msikilizaji wa Kenya au wa Uganda atakumbuka kipande cha ubao ambacho wanafunzi walivishwa shingoni walipokamatwa wakizungumza lugha ya mama, jambo ambalo Ngũgĩ wa Thiong'o alilieleza katika maandishi yake ya mwaka 1986. Sera ya Uingereza katika makoloni ilikuwa na lengo linaloeleweka, baya lakini linaeleweka: kuwafanya wachache wafanane na mabwana. Sweden iliwagawa watu walewale mafungu mawili. Fungu moja lilizuiwa kubadilika na fungu la pili likalazimishwa kubadilika, kisha sheria za ufugaji zikaamua ni nani mwenye haki ya kuitwa Msami. Mpasuko huo ndani ya jamii haujaziba hadi leo. Kijana wa Kisami asiye na kulungu bado hukutana na swali kama yeye ni Msami kamili, na mara nyingine swali hilo hutoka kwa Wasami wenzake.

Wakati shule hizo zikiendelea, sayansi nayo ilibisha hodi. Mwaka 1921 Bunge mjini Stockholm liliamua kuanzisha taasisi ya serikali ya baiolojia ya mbari, kwa kuungwa mkono na wanasiasa wa mirengo yote, na mwaka 1922 taasisi hiyo ilifunguliwa katika mji wa Uppsala chini ya Herman Lundborg. Wafanyakazi wake walisafiri hadi kaskazini, wakaingia katika shule za wahamaji na makanisa, wakapima vichwa, wakaandika rangi ya macho na kupiga picha. Watu wazima na watoto walipigwa picha wakiwa uchi. Makasisi mara nyingine ndio waliosaidia kuwakusanya.

Waliopitia shule hizo wamesimulia mambo hayo wakiwa wazee. Kanisa la Sweden lilichapisha mwaka 2016 mkusanyiko wa mahojiano na wanafunzi wa zamani, pamoja na utafiti mkubwa kuhusu wajibu wa kanisa lenyewe katika yaliyotendeka. Kinachojitokeza katika simulizi hizo si vipigo na njaa pekee, ingawa navyo vilikuwepo. Ni ukimya. Waliorudi nyumbani hawakuwaeleza wazazi wao, na walipokuwa wazazi hawakuwaeleza watoto wao. Wengi waliamua kutowafundisha watoto Kisami kabisa, wakidhani kuwa wanawakinga.

Mfumo huo ulilegezwa hatua kwa hatua baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Shule zilizobaki ziligeuzwa kuwa shule za Wasami zenye mtaala kamili, na sasa zipo tano, katika Karesuando, Kiruna, Gällivare, Jokkmokk na Tärnaby. Wazazi ndio wanaochagua kuwapeleka watoto wao huko.

Mwanadiplomasia wa Tanzania na ulimwengu wa nne

Ni wachache wanaofahamu kwamba Tanzania ilikuwa na sehemu ndogo katika kuamka kwa Wasami na ndugu zao wa Amerika. Kiungo kilikuwa mtu aitwaye George Manuel, Mshuswap kutoka magharibi mwa Canada, ambaye tangu mwaka 1970 aliongoza umoja wa kitaifa wa jamii za Wahindi Wekundu wa nchi hiyo. Manuel mwenyewe alikuwa amepelekwa akiwa mtoto katika shule ya bweni ya Kamloops.

Mwaka 1971 Manuel alifika Tanzania wakati nchi hiyo ikiadhimisha miaka 10 ya uhuru, na aliyoyaona katika siasa za Mwalimu Julius Nyerere yalimvutia sana. Ilikuwa pia kwa mwanadiplomasia wa Tanzania mjini Ottawa, Mbuto Milando, ambapo aliupata msemo wa ulimwengu wa nne. Milando alimweleza kuwa watu asilia watakaposimama juu ya misingi ya mila na tamaduni zao wenyewe, huo ndio utakaokuwa ulimwengu wa nne. Manuel aliuchukua msemo huo ukawa jina la kitabu chake cha mwaka 1974.

Katikati ya safari hizo kuna Stockholm. Mwezi Juni mwaka 1972 mji huo ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ya binadamu, mkutano uleule uliozaa shirika la UNEP lenye makao yake Nairobi. Manuel alihudhuria akiwa katika ujumbe wa Canada, na akaitumia nafasi hiyo kukutana na Wasami. Alikuta watu weupe wa Ulaya ambao historia yao ya shule, ardhi na lugha ilifanana na ya kwao. Mwaka 1975 Wasami walikwenda Port Alberni nchini Canada katika kuundwa kwa Baraza la Dunia la Watu Asilia, na mwaka 1977 mkutano wa pili wa baraza hilo ulifanyika Kiruna. Mwaka huo huo Bunge la Sweden liliwatambua Wasami kuwa ni watu asilia wa nchi.

Upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, mambo yalikuwa yakienda kwa kasi vilevile. Mjini Minneapolis, vuguvugu la Wahindi Wekundu lilikuwa limeanzishwa mwaka 1968, na baadhi ya waasisi wake wakuu, akiwemo Dennis Banks, walikuwa Waojibwe. Banks alichukuliwa kutoka nyumbani na kupelekwa shule ya bweni ya serikali akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1972 vuguvugu hilo lilifungua shule zake katika Minneapolis na St. Paul ili watoto wafundishwe lugha na mila zao bila ya hofu. Na kama historia ingekuwa na ucheshi, huu ungekuwa mfano wake: sehemu ya ardhi ambayo Waojibwe waliitoa kwa mkataba wa mwaka 1837 katika Minnesota ilikuja kukaliwa na wahamiaji maskini kutoka Sweden.

Nini huwaumiza vijana, nini huwasimamisha

Ni miongoni mwa Waojibwe na jirani zao ambapo watafiti walianza kupima jambo ambalo wazee walikuwa wakilisema siku zote. Les Whitbeck wa Chuo Kikuu cha Nebraska na wenzake, miongoni mwao Melissa Walls ambaye mwenyewe ni wa asili ya Waojibwe, walizifuatilia familia nyingi kwa miaka kadhaa katika maeneo ya kaskazini mwa Marekani na Canada. Waliuliza ni mara ngapi mtu hufikiria kupotea kwa ardhi, lugha, na heshima kwa wazee. Wengi wangetarajia kuwa mawazo hayo ni ya watu wazima. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kuwa watoto wa miaka 11 hadi 13 waliyafikiria mambo hayo si chini ya mama zao na walezi wao, na kwamba waliokuwa wakiyafikiria sana ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za sonona.

Hata hivyo kulikuwa na upande wa pili. Utafiti mwingine wa mwaka 2006 miongoni mwa vijana wa eneo hilo hilo, ulioongozwa na Teresa LaFromboise wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliwatazama wale waliokuwa wakifanya vyema licha ya dhiki. Vijana waliokuwa karibu na mila zao, waliopendwa na mama zao na walioiona jamii inawaunga mkono walikuwa na ustahimilivu mkubwa zaidi. Ubaguzi ulifanya kinyume chake. Nchini Canada, Michael Chandler na Christopher Lalonde walikuwa wamekwishaonyesha mwaka 1998 kwamba katika jimbo la British Columbia visa vya vijana kujiua havikuenea sawasawa. Jamii zilizojiendeshea shule zao, huduma zao za afya na madai yao ya ardhi zilikuwa na visa vichache, na zile zilizokuwa na mambo yote hayo hazikuwa na kisa hata kimoja katika kipindi kilichochunguzwa.

Je, hali ikoje Sweden? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Umeå, Lotta Omma na wenzake, waliwauliza mamia ya vijana wa Kisami wenye umri wa miaka 18 hadi 28. Wengi wao walisema wanajivunia kuwa Wasami na wanataka kuulinda utamaduni wao. Lakini karibu nusu walisema wamewahi kutendewa vibaya kwa sababu ya asili yao, na miongoni mwa wafugaji idadi ilikuwa kubwa zaidi. Katika matokeo ya mwaka 2013, mawazo ya kuchoka na maisha yalikuwa ya kawaida kwa vijana wa Kisami na wa Kiswidi pia, ila yalikuwa mengi zaidi kwa Wasami, hasa wafugaji na wale waliobaguliwa. Kuhusu kujaribu kujiua, tofauti kubwa haikuonekana baina ya makundi hayo mawili.

Jibu hilo la mwisho halipaswi kupitwa haraka. Magazeti ya Sweden mara nyingi huandika kuhusu Wasami kana kwamba ni watu wanaokufa kwa huzuni, na picha hiyo nayo ni mzigo kwa kijana. Takwimu zinaeleza habari iliyo ngumu zaidi. Vijana hao wanabeba mawazo mazito kuliko wenzao, na bado walio wengi wanasimama. Wengi wana marafiki wa karibu, wana ndugu wengi, na wana kazi wanayoiona kuwa na maana.

Kazi hiyo hiyo lakini ndiyo inayotishiwa. Sweden ina vijiji vya ufugaji 51, na malisho yao yanakatwa na migodi, reli, mabwawa ya umeme, mashamba ya mitambo ya upepo na ukataji wa misitu. Mwaka 1986 mvua iliyobeba sumu ya nyuklia kutoka Chernobyl iliharibu malisho na nyama ikatupwa. Siku hizi majira ya baridi yasiyotabirika huleta mvua badala ya theluji, maji yanaganda na mnyama hawezi kufikia chakula chake. Utafiti wa Niclas Kaiser wa mwaka 2010 ulikuta dalili za sonona na wasiwasi zikiwa nyingi zaidi kwa wafugaji kuliko kwa watu wengine. Naye Jon Petter Stoor na wenzake, mwaka 2015, waliwakutanisha Wasami katika vikundi ili wazungumze kuhusu jamaa na marafiki waliojiua. Washiriki walieleza mapambano ya kubaki Msami. Kwa kijana aliyeambiwa tangu utoto kwamba ufugaji ndio yeye mwenyewe, kuupoteza ufugaji kulionekana kama kutobaki na pa kwenda.

Tatizo jingine ni mahali pa kusema. Mwanasaikolojia ambaye haelewi ukoo, malisho na uhusiano wa mtu na wanyama wake humlazimu mgonjwa kuitumia saa yake ya matibabu kutoa somo la utamaduni. Kituo cha Wasami cha afya ya akili kiitwacho SANKS, chenye makao yake Karasjok nchini Norway, kilijengwa ili kuliondoa tatizo hilo. Mwaka 2017 kituo hicho pamoja na Baraza la Wasami walitoa mpango wa pamoja wa kuzuia kujiua kwa Wasami wa Norway, Sweden na Finland. Miongoni mwa mambo ambayo mpango huo unayataja kuwa ya lazima ni kupambana na ubaguzi, pamoja na kupata wataalamu wanaoijua lugha. Kwa maneno mengine, dawa haipo hospitali peke yake.

Wimbo na filamu

Sauti ya vijana imesikika zaidi katika sanaa. Joik, uimbaji wa kale wa Wasami, ulikuwa umelaaniwa na makasisi kuwa ni wa kipagani. Mwaka 2014 kijana mfugaji, Jon Henrik Fjällgren, aliyezaliwa Colombia na kulelewa katika familia ya Kisami, alisimama katika shindano la vipaji la televisheni ya Sweden akaimba joik aliyoitunga kwa ajili ya rafiki yake aliyefariki. Alishinda. Mwaka uliofuata alishika nafasi ya pili katika fainali ya mashindano ya muziki ya kitaifa, iliyofanyika uwanjani Solna, pembezoni mwa Stockholm.

Mwaka 2016 mwongozaji Amanda Kernell, ambaye baba yake ni Msami, alitoa filamu iitwayo Sameblod, yaani damu ya Kisami. Inamhusu msichana wa miaka ya 1930 katika shule ya wahamaji, anayepimwa na wageni kutoka Uppsala na ambaye anaamua kuikimbia asili yake. Na mwaka 2020 Elin Anna Labba alipata tuzo ya August, tuzo kubwa ya fasihi ya Sweden, kwa kitabu kuhusu familia za Wasami zilizohamishwa kwa nguvu kutoka kaskazini baada ya mkataba wa mwaka 1919 kati ya Sweden na Norway. Labba anatoka katika mojawapo ya familia hizo. Kazi hizi zote zimefanywa na wajukuu, na kila moja inaanzia pale ambapo babu na bibi walinyamaza.

Kuomba radhi

Serikali ya Sweden iliomba radhi kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Tarehe 24 Novemba mwaka 2021 ikawa zamu ya kanisa. Katika kanisa kuu la Uppsala, Askofu Mkuu Antje Jackelén aliwaomba Wasami msamaha kwa shule za wahamaji, kwa ushirika wa kanisa katika upimaji wa mbari na kwa kuifanya dini yao kuwa dhambi. Mwaka 2022 radhi hiyo ilirudiwa Luleå, katika ardhi ya kaskazini. Waumini wa Kagera wanalijua kanisa hilo kwa sura nyingine, kwani askofu wa kwanza wa Kilutheri wa Bukoba, Bengt Sundkler, alikuwa Mswidi, na aliyemrithi ni Josiah Kibira. Ni kanisa lile lile lililojenga shule na hospitali Buhaya ambalo nyumbani kwake liliwaweka watoto kwenye vibanda.

Novemba hiyo hiyo ya mwaka 2021 serikali mjini Stockholm iliunda tume ya ukweli kuhusu Wasami, chini ya Kerstin Calissendorff, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu. Kazi yake ni kukusanya ushahidi na kueleza athari za siasa ya dola kwa maisha ya Wasami. Norway, Finland na Canada nazo zimekuwa na tume za namna hiyo.

Lakini kwa vijana wengi, tukio lililozidi radhi zote lilikuwa hukumu. Tarehe 23 Januari mwaka 2020 Mahakama ya Juu mjini Stockholm iliamua, majaji wote wakikubaliana, kwamba kijiji cha ufugaji cha Girjas ndicho chenye haki ya kusimamia uwindaji mdogo na uvuvi katika malisho yake ya milimani, wala si serikali. Msingi wa hukumu ulikuwa matumizi ya ardhi hiyo tangu zama za kale. Wafuatiliaji wa kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya, walioshinda mbele ya Mahakama ya Afrika mjini Arusha mwaka 2017, waliona mfanano. Na kama ilivyo kwa Waogiek, ushindi mahakamani haukumaliza mambo. Baada ya hukumu ya Girjas vitisho na matusi dhidi ya Wasami viliongezeka, na kulungu kadhaa walikutwa wameuawa. Mwezi Machi mwaka 2022 serikali iliruhusu mgodi wa chuma Gállok, karibu na Jokkmokk, licha ya upinzani wa Wasami na onyo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa.

Stockholm yenyewe imebadilika kwa kiasi. Manispaa ya mji huo imeingizwa katika maeneo ambayo sheria inawapa Wasami haki za ziada za lugha, pamoja na haki ya mtoto kupata shule ya chekechea inayotumia Kisami. Kuwapata walimu ni jambo jingine, maana kizazi ambacho kingelikuwa cha walimu ndicho kilichonyimwa lugha. Vijana wengi wanajifunza Kisami wakiwa wakubwa, kama mtu anayejifunza lugha ya kigeni, wakati mwingine bibi akiwa bado hai na akiisikia lugha yake ikisemwa tena nyumbani kwake kwa lafudhi ya Kiswidi.

Kila tarehe 6 Februari bendera ya Wasami yenye rangi nyekundu, buluu, kijani na manjano hupandishwa. Siku hiyo huadhimishwa pia Skansen, pale pale ambapo familia za Kisami ziliwahi kutazamwa kwa kiingilio. Siku hizi wanaosimama mbele ya watu pale ndio wenye maikrofoni.